Mkebe wa Tatu

Harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi lililonyunyiziwa maji haiwasumbui wengine. Mimi hunirudisha mbali. Jumamosi iliyopita gari la sinema lilipoingia kwenye uwanja wa shule yetu, na mwenye gari akaanza kuiwasha injini yake ya kufua umeme, wasichana wote walikimbilia mbele kugombania mahali pa kukaa. Mimi nilibaki kwenye ngazi za bweni nimeshika nguzo. Hata kabla hajafungua mlango wa nyuma wa gari nilijua ameleta picha gani. Sikuwa na sababu ya kujua. Nilijua tu.

Wenzangu wananiita Kimya. Sikatai. Lakini kuna jambo moja ambalo kimya changu kiliniharibia, na sijawahi kumwambia mtu, basi acha niliandike.

Tulikaa nje kidogo ya uzio wa mgodi wa almasi, upande wa Songwa. Baba aliendesha mkokoteni wa ng'ombe, akiwapelekea watu wa mgodi kuni na maji. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Shija, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa, na wa pili alikuwa mama yangu mzazi. Nyumba zao zilitazamana, na katikati kulikuwa na kinu kimoja. Walitwanga mtama pamoja, mchi huu ukipanda ule ukishuka, huku wakiimba nyimbo za kumsema baba akiwa hayupo, na mara nyingine akiwapo. Sikuwahi kuona ugomvi wao. Najua watu hawaamini nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Kisha baba akaugua. Alilala juma zima hajitambui, mama zangu wakimkanda kwa maji kwa zamu. Katika homa ile aliahidi kwamba akiinuka atabatizwa. Akainuka. Mtu wa kwetu akiahidi jambo akiwa amelala chali, hawezi kulikana akiwa amesimama. Akaanza kwenda kwenye mafundisho, na baada ya muda katekista wetu, Mwalimu Yakobo, akaja nyumbani. Alikalishwa kwenye kigoda cha baba, akapewa maji, akanywa, akasema alichokuja kusema.

"Baba Shija, Mungu hana haraka, lakini Pasaka ina siku yake. Mke mmoja."

"Na wa pili nimpeleke wapi, Mwalimu? Si mbuzi huyu."

"Sikusema mbuzi. Nimesema mmoja."

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nachambua mawe kwenye kunde. Nilikuwa na miaka saba hivi, labda minane. Nilielewa kila neno. Tangu siku ile mama hakuimba tena kwenye kinu. Mama mkubwa alianzisha wimbo, akaungoja uitikiwe, haukuitikiwa, akauacha.

Siku chache baadaye tangazo likaja kwamba gari la sinema litaonyesha picha kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya wafanyakazi. Hatukuwa tumeona sinema. Watu walikuja kutoka hata Samuye kwa miguu, wengine na vigoda kichwani. Shuka jeupe lilikuwa limefungwa kwenye nguzo mbili za miti, na yule bwana, ambaye sote tulimwita Bwana Sinema, alikuwa na kipaza sauti mkononi. Picha ilisema Kizungu, yeye akasema Kiswahili, na mzee mmoja aliyekaa mbele akawageuzia kina mama Kisukuma, tena kwa chumvi yake mwenyewe.

"Hawa ni Wazungu wa Amerika wa zamani," alisema Bwana Sinema. "Wanaitwa Wamormoni. Wana nabii wao na kitabu chao. Sasa wanafukuzwa, nyumba zao zinachomwa."

"Nani anawafukuza?" mtu akauliza gizani.

"Wazungu wenzao."

Halafu bibi mmoja akasema, "Kumbe nao hufukuzana," na watu wakacheka mpaka sauti ya picha ikapotea.

Mkanda wa pili ulikuwa wa safari, na hapo wanaume wa kwetu wakasahau kwamba ni picha. Wale Wamormoni walihama kwa magari ya ng'ombe yaliyofunikwa turubai, gari moja nyuma ya jingine, nyika haina mwisho. Baba yangu alisimama.

"Nira ile imefungwa vibaya," alisema. "Yule wa kushoto atachubuka shingo."

"Kaa chini, Baba Shija, ng'ombe hawakusikii."

"Hata angenisikia, yule ni ng'ombe wa Kizungu. Hajui Kisukuma."

Kisha kwenye picha mwanamume mwenye ndevu alisimama kati ya wanawake wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana, na Bwana Sinema akasema, "Huyu bwana sasa anaoa mke wa pili. Dini yao inaruhusu."

Uwanja wote uliguna. Sikuwahi kusikia mguno kama ule. Mama alikuwa amenipakata. Nilisikia mgongoni mwangu moyo wake unavyopiga. Mama mkubwa, aliyekaa karibu yetu, alinyoosha mkono akaushika mkono wa mama bila kumtazama. Na baba, aliyekuwa bado amesimama, akakaa polepole.

Ndipo, mkanda wa pili ukiwa umekwisha, kikaja kimbunga cha vumbi, vile vinavyozunguka nyikani kwetu kabla ya mvua. Kilipita katikati ya uwanja, watu wakajifunika macho, meza ya Bwana Sinema ikapinduka. Mikebe ya mikanda, ile ya bati ya duara, ikabingirika chini ya gari. Yeye mwenyewe alikuwa amekumbatia mashine yake isianguke.

"Nani mdogo hapo aingie chini?" aliita. "Upesi, injini inakula mafuta."

Mama akanisukuma. Mimi, niliyekuwa najificha hata wageni wakija kusalimu, nikaingia chini ya gari kwa tumbo. Mikebe ilikuwa miwili. Juu ya kila mmoja palichorwa alama kwa rangi nyekundu, lakini wakati ule alama kwangu ilikuwa alama tu. Nikampa mmoja. Akaunyakua, akaufungua, akaufunga mkanda kwenye mashine bila kuutazama. Nikampa na wa pili. Akaniambia, "Ahsante, binti," na nilirudi kwa mama nikiwa na kiburi cha siku nzima.

Picha ikaendelea. Sasa wale watu walikuwa wanatembea kwenye nchi nyeupe tupu. Nyeupe ardhini, nyeupe juu ya magari, nyeupe kwenye ndevu.

"Pamba yote ile," alisema mzee wa mbele. "Nani ataichuma?"

"Ni barafu, mzee," Bwana Sinema alijibu, lakini barafu nani alikuwa ameiona? Kwa macho yangu ilikuwa pamba. Ilianguka kutoka juu taratibu kama inavyopeperuka pale jineri, wanakochambua mbegu zake, na nilijua pamba, nilikuwa nimelala juu yake kwenye mkokoteni wa baba. Yule mke wa pili aliugua. Walimlaza chini, akafumba macho, wakamfunika kwa pamba ile, na magari yakaondoka. Alikuwa na binti mdogo. Binti alisimama ndani ya gari la mwisho, upande wa nyuma, ameshika ubao, anatazama alikotoka. Hakulia. Alitazama tu. Nami nilimtazama yeye. Baadaye wakafika kwenye bonde lenye majani, wakapiga magoti.

Kina mama walikuwa wanalia waziwazi. Bwana Sinema akabadilisha mkanda. Na mkanda ulipowaka, yule mke wa pili alikuwa mtoni, mzima, anafua nguo na mwenzake, anacheka.

Watu wakanyanyuka. Mwanamke mmoja alikimbia moja kwa moja mpaka nje ya uwanja. Wengine wakapiga kelele za kutaka kujua, si amekufa huyu, si wamemzika?

Bwana Sinema aliuinua mkebe, akautazama. Kipaza sauti kilikuwa wazi, tulimsikia akimeza mate. "Amerudi," alisema. "Ndiyo dini yao. Nabii amemwombea. Amewakuta bondeni."

Mzee akageuza kwa Kisukuma, akaongeza kwamba amerudi kwa sababu mtoto wake alimngoja bila kulia.

Nilitoka mapajani kwa mama nikaenda nyuma ya shuka. Nilitaka kuona huko wanakotokea. Nyuma ya shuka alikuwepo pia, yule mwanamke, anacheka vilevile, ila mkono aliofulia ulikuwa umegeuka wa kushoto. Hakukuwa na kingine zaidi ya nguzo na giza. Alicheza ngoma na mumewe na mke mwenzake, binti yake akizunguka kati yao, na mwanga ukakatika.

Baba hakuondoka na watu. Alimsubiri Bwana Sinema akifunga vitu vyake, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, mzee. Lakini wewe ni mkubwa kwangu."

"Hao watu wa picha. Dini yao imefika huku?"

"Amerika, mzee. Mbali."

"Na bado wana wake wengi?"

Yule bwana aliniangalia mimi, akamwangalia mama aliyesimama nyuma na mama mkubwa. Nafikiri alielewa anaulizwa nini. "Nasikia serikali yao iliwakataza baadaye," alisema. "Mimi naonyesha picha tu."

Hata hivyo kesho yake baba alikwenda kwa Mwalimu Yakobo. Alimwambia ameona kwa macho yake watu wana Maandiko, wana sala, wana wake wawili, na Mungu amewafikisha bondeni. Mwalimu akamrudishia neno lake lilelile, mmoja. Aliporudi alifungua ng'ombe, akawanywesha maji, akakaa kwenye kigoda na kumwita mama. Sikusikia walichosema. Niliona tu mama anaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, kama mtu anayeagizwa sokoni.

Iliamuliwa aende kwa kaka yake, Ushirombo. Baba hakudai ng'ombe wa mahari hata mmoja arudishwe, na watu walimsifu kwa hilo. Zaidi ya hapo alifanya jambo ambalo kwetu si la kawaida kabisa. Ng'ombe wakishatolewa, mtoto ni wa baba, hilo halina mjadala. Lakini baba alimwambia mama, mtoto akitaka kukufuata, mruhusu.

Asubuhi ile mama alikuwa ameketi mlangoni na mzigo wake. Alikuwa amefunga michembe kwenye kitambaa, viazi vilivyokaushwa, mafungu mawili. Alinivuta katikati ya magoti yake.

"Kabula. Nakwenda kwa mjomba wako. Baba yako amekubali uje nami, ukae nami mpaka utakapovunja ungo. Twende?"

Nikamwambia, "Hapana."

"Unasemaje, ng'wanone, mwanangu?"

"Sitaki kwenda. Nabaki hapa."

Niandike sawasawa nilichokuwa nacho kichwani. Nilijua namna mama anavyorudi. Nilikuwa nimeona. Mke wa pili huachwa njiani, mtoto hubaki na gari, hutazama nyuma wala halii, kisha mama hurudi anacheka, na wote huchezea bondeni pamoja na mke mwenza. Mtoto akimfuata, nani atamngoja? Sisi wawili tungeachwa kule kwenye pamba, na huku nyuma pasingekuwa na mtu wa kutazama njia. Nilikuwa namwokoa. Lakini nilikuwa mtoto wa kimya, na maneno marefu namna hiyo hayakujua kutoka. Nilisema hapana, nikakaza macho ili nisilie. Nilikaza kweli.

Mama akafungua kitambaa, akatoa fungu moja la michembe, akaliweka mapajani mwangu. Akajitwisha mzigo. Mama mkubwa alimsindikiza mpaka barabarani akilia kwa sauti kama msibani, na majirani wakatoka kutazama: mke mkubwa analia, na mtoto wa kumzaa amekaa mlangoni, macho makavu.

"Mtoto huyu ana jiwe," jirani mmoja alisema. Nilisikia, na nilifurahi, kwa sababu ilimaanisha najikaza vizuri.

Baba alibatizwa Pasaka. Nami nikaanza kazi ya kungoja. Shuka lilikuwa limeondoka na gari, lakini zile nguzo mbili zilibaki uwanjani, na kila jioni nilikwenda kusimama mbele yake. Jua likishuka, katikati ya nguzo paliwaka weupe kidogo, na mara nyingi nilimwona pale mwanamke amenipa mgongo. Sikuogopa. Niliogopa siku alipoacha kuonekana. Nikafikiri labda amekosa njia. Basi wakati wa mavuno nikawa naiba pamba kwenye gunia la mama mkubwa, konzi moja moja, naificha kifuani, naitandika kwenye njia ya Ushirombo, kuanzia kwenye kichuguu mpaka nyumbani. Upepo ukiichukua, natandika tena. Mama mkubwa alinikamata. Aliinua mkono kunipiga, akaangalia ule mstari mweupe unavyokwenda, akaushusha mkono. Kesho yake nilikuta imetandikwa tena, na nilijua ni yeye, kwa sababu konzi zilikuwa kubwa kuliko zangu.

Mvua ya pili ilikuwa haijaja mjomba alipofika. Alikuwa amenyoa kichwa. Alikaa kwa baba, wakanong'ona, mama mkubwa akapiga yowe, na mimi nikaelewa lakini sikuelewa, maana kwangu kuzikwa ilikuwa ni sehemu ya safari. Mjomba aliniita. Alinipa kanga ya mama.

"Ilikuwa homa," alisema. "Haikumkawiza."

Nikamuuliza kama walimfunika kwa pamba. Akafikiri nauliza sanda. Akasema ndiyo, nguo nyeupe, walimsitiri vizuri. Nikatulia. Kisha nikauliza kama alinitaja. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu na safari.

"Watu walimwambia aagize uletwe. Akasema, mwacheni, yule ni mtoto wa baba yake. Alichagua mwenyewe."

Nimelibeba neno hilo miaka yote. Nimelibeba darasa la kwanza nilipojifunza kuzisoma zile alama zilizochorwa kwenye mikebe, kwamba ni tarakimu. Nimelibeba mpaka sekondari, hadi siku mwalimu wa jiografia alipotuonyesha picha ya nchi nyeupe, akasema hii ni theluji, ni maji yaliyoganda, mtu akilala humo hafi kwa njaa, hufa kwa baridi. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka.

Sasa turudi Jumamosi. Hatimaye nilishuka ngazi nikakaa nyuma kabisa. Alikuwa ni yeye, Bwana Sinema, mvi zimemwingia, kipaza sauti kilekile. Nabii, moto, magari ya ng'ombe. Ndoa, na wasichana wakaguna vilevile. Lakini mkanda wa tatu ulipowaka, ulikuwa mto. Mke wa pili anafua, anacheka, anacheza na mwenzake, binti anazunguka kati yao. Wasichana walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga ya mama, maana nilishajua kinachofuata. Kikafuata. Theluji, macho yaliyofumbwa, magari yanaondoka. Mtoto anatazama nyuma. Na safari hii nilimwona vizuri: hakuwa anangoja. Alikuwa anachukuliwa. Bondeni wakapiga magoti, mke mkubwa amembeba yule mtoto, na juu ya shuka yakaja maandishi ya mwisho, na hakuna aliyerudi.

Watu walipotawanyika nilikwenda kwenye gari. Sijawahi kumwendea mwanamume mgeni kwa hiari yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Mnatakiwa bwenini nyie."

"Uliwahi kuonyesha picha hii kule mgodini, upande wa Songwa. Kikaja kimbunga. Ulisema yule mwanamke alirudi."

Alikuwa anakunja waya. Akaacha. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema nabii alimwombea."

Alicheka kidogo, cheko la kujionea aibu. "Mikanda ilipishana siku ile, nakumbuka. Watu wameshashangaa, ningewaambia nini? Ningesema nimekosea wangenipiga mawe. Nani alikusimulia?"

"Nilikuwepo."

Nilitaka kuongeza kwamba mimi ndiye niliyetoka chini ya gari. Kwamba mkebe niliotangulia kumpa ulikuwa wa nne. Alikuwa amegeuka tayari kuzima injini, na giza lilipoingia sikuyasema.

Mikebe ilikuwa kwenye sanduku mbele yangu, ameirundika ovyo. Nilipapasa. Tarakimu zile za rangi nyekundu zimeinuka kidogo juu ya bati, unaweza kuzisoma kwa kidole. Kutoka juu: wa kwanza, wa pili, wa nne, wa tatu. Alikuwa ametutangazia kwenye kipaza sauti kwamba kesho anakwenda Geita, kwa wachimba dhahabu, na huko nako kuna watoto watakaopakatwa na mama zao. Nikautoa mkebe wa nne. Niliushika kidogo kifuani, ulikuwa bado na moto wa mashine. Kisha nikauweka chini ya wa tatu, mahali pake, nikafunika sanduku.